Mzaramo Aliyeniita Bwana

Tarehe 13 Februari 1996, Jumanne asubuhi, kaka yangu Maganga alianguka kwenye korido ya jengo letu hapa Flemingdon Park, Toronto, akielekea kazini, na hakuamka tena. Jumamosi yake, kwenye ukumbi wa maziko, nikampoteza pia Kondo, mtani wetu. Wa kwanza alichukuliwa na Mungu. Wa pili nilimpoteza mimi mwenyewe.

Mmeniuliza sana kuhusu Japani, na kwa nini nimerudi bila ile kofia ya kaka. Nimeona niandike mara moja. Lakini safari hii haieleweki bila habari ya ukumbini, kwa hiyo naanza na hiyo, ingawa inanitia aibu.

Sisi ni Wanyamwezi wa Tabora. Kondo ni Mzaramo wa Kisarawe, dereva wa lori la mikate, amepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya mtu kule Richmond Hill. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo. Mnyamwezi akifa, Mzaramo ana kazi msibani: anamwigiza marehemu, anawacheka wafiwa, anaziba njia mpaka apewe kitu cha marehemu. Asipofanya hivyo msiba unabaki wazi kama jeraha lisilofungwa. Kwa miaka kumi na moja Kondo hakumwita kaka kwa jina lake. Alimwita mpagazi, na kaka alimwita mcheza ngoma, na kila Jumapili walikula sahani moja.

Kaka alikuwa na tabia iliyojulikana jengo zima. Akishafunga mlango alikwenda hatua kumi, mikono nyuma, akasimama, akarudi, akatikisa kitasa mara mbili. Kila siku ya Mungu.

Siku ya maziko Kondo aliingia ukumbini amevaa koti la kazi la kaka, mikono nyuma. Akapita katikati ya wafanyakazi wa kiwanda alichofanya kazi kaka, na meneja wao, mpaka kwenye jeneza. Akageuka, akaenda hatua kumi, akasimama, akarudi. Akashika kishikio cha jeneza akakitikisa mara mbili. "Mpagazi! Umefunga vizuri? Maana nakujua wewe, utarudi kuangalia!"

Mwanamke mmoja wa kiwandani akapiga kelele. Mtu wa ukumbi, mwenye suti nyeusi, akamshika Kondo kiwiko, akanigeukia mimi. Unamfahamu mtu huyu? Ni mgonjwa?

Nilimwona meneja ananitazama. Nikatazama zulia, nikasema, "Sijui ana nini leo."

Wakamtoa nje kwenye theluji. Nilimwona dirishani amesimama kituo cha basi na lile koti jembamba, na sikutoka.

Tangu siku ile Kondo hakunitukana tena. Aliniita bwana Mihayo. Aliniamkia, akanishukuru, akaniuliza hali. Asiyejua angesema huyu mtu ana adabu. Mimi nilijua ni adhabu.

Sasa, kiwanda cha kaka ni cha Wajapani. Mfanyakazi akifikisha miaka kumi wanampeleka yeye na mtu mmoja kutembea Japani, na safari inaishia Koya, mji wa mahekalu ulio juu ya mlima, ambako kampuni ina jiwe la kuwakumbuka wafanyakazi wake waliokufa. Zamu ya kaka ilikuwa Oktoba. Meneja akasema nafasi mbili bado zipo. Nikampigia Kondo simu.

"Nitashukuru sana, bwana Mihayo," akasema. "Nitakwenda kwa ajili ya Maganga."

Sijui kuomba msamaha. Nilidhani safari ingeniombea.

Kutoka nyumbani mpaka uwanja wa ndege

Kondo alikuja asubuhi na sanduku kubwa la kahawia lililofungwa kamba, kwa sababu zipu ilikuwa imekufa. Nilijua kilichomo: unga wa sembe, maana alikuwa hawaamini Wajapani kwa chakula. Sanduku lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

Enzi za kaka angelitupa miguuni kwangu. Beba, Mnyamwezi, kazi yenu hiyo tangu Ujiji. Ningemwambia mkono wa mcheza ngoma haujui kazi, angenijibu ya kwake, na mpaka tufike kituo cha basi la Don Mills sanduku ningekuwa nimelibeba mimi.

Nikanyoosha mkono.

"Usijisumbue, bwana Mihayo. Nitabeba mwenyewe."

Akalibeba. Kwenye ngazi za treni ya chini alipumzika mara tatu, na mara zote tatu aliniomba radhi kwa kunichelewesha. Watu walimpisha. Nilikuwa nimevaa kofia ya kaka ya sufu ya kahawia, na nilihisi joto hadi masikioni.

Vancouver

Ndege ya kwanza ilifika Vancouver salama. Ya pili ilikuwa na hitilafu, wakatuambia tusubiri saa moja, na saa moja ikawa sita. Mimi tangu Februari siwezi kukaa. Nikikaa miguu inawasha. Nilizunguka ukumbi ule mpaka mfagiaji akaanza kunisalimia. Kila nikirudi, Kondo ananyanyuka. "Karibu ukae, bwana." "Asante, bwana." "Tafadhali, chukua kiti hiki, ni kizuri zaidi."

Kwenye viti vya mbele yetu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, na shali ya kijani na chupa ya chai. Alikuwa anasafiri kwa bintiye Hong Kong. Akageuka ghafla, akasema kwa Kiswahili kisafi:

"Nyie wanaume, kwenu wapi?"

Nilishtuka nikaacha hata kumwamkia. "Tabora, mama."

"Tabora ipi? Mimi nimezaliwa Tabora. Duka letu lilikuwa njia ya stesheni. Sasa nakaa Unionville, lakini miguu yangu bado inalijua lile vumbi. Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu mwenzako?"

"Mzaramo."

Mama akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. "Mzaramo anamwambia Mnyamwezi 'tafadhali'? Nimekaa hapa nawasikiliza, nikadhani nimesahau Kiswahili. Dukani kwetu Mzaramo akiingia, Mnyamwezi anaficha kofia. Mmegombana?"

"Hatujagombana, mama," Kondo akajibu. "Tunaheshimiana."

"Ndicho nilichosema, mmegombana."

Akafungua mfuko wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi, akatumiminia viganjani. Ilikuwa na pilipili na zabibu kavu. Kondo alikula akitazama viatu vyake. Mama akanisogelea, na kwa sauti ambayo hata mfagiaji aliisikia, akaniuliza, "Nani amefiwa?"

"Mimi. Kaka yangu."

"Na mtani hajacheka?"

Nikasema hajacheka. Sikusema kwa nini. Alisubiri niseme, nami nikanyanyuka nikaenda kuzunguka tena. Niliporudi ndege yake ilikuwa imeitwa, na kwenye kiti changu ameacha chevda iliyobaki, mfuko umekunjwa vizuri.

Osaka, na treni iliyoturudisha

Osaka tulilala usiku mmoja tu, na nilichoona ni dari. Asubuhi tulinunua stesheni wali uliofinyangwa pembe tatu, umefungwa kwenye plastiki na jani jeusi la baharini. Kondo alivuta plastiki upande huu na ule, wali ukamwagika kifuani, jani likabaki mkononi. Mzee mmoja mwenye kofia ya jua alikuja bila kuitwa. Akachukua wali wangu, akavuta uzi mwekundu juu, akachomoa pembe ya kulia, akachomoa ya kushoto, ukatoka mzima umevaa jani lake. Akaniinamia. Kisha akamtazama Kondo, punje zimejaa kwenye ndevu, akaenda kwenye dirisha la muuzaji akamnunulia mwingine, akamfungulia na huo.

Miaka iliyopita ningecheka mpaka nishike nguzo. Nilifungua mdomo niseme kitu, kwamba wali umeota ndevu au ndevu zimeota wali. Kondo akaniangalia kwa upole mkubwa akisubiri. Nikaufunga. Nisiyetukanwa ningeanzaje kutukana?

Treni ya mlimani tuliipata. Hatukujua kwamba ilikuwa inaishia njiani na abiria wanahamia nyingine. Watu wote walishuka, sisi tukabaki, tukafurahi kupata nafasi. Ikakaa kidogo, ikaondoka. Nikaona mto uliokuwa kulia sasa uko kushoto.

"Kondo, tunarudi."

"Nilihisi hivyo, bwana Mihayo."

"Mbona hukusema?"

"Sikutaka kukusumbua."

Tulishuka kituo cha tatu, tukavuka daraja la chuma na lile sanduku, tukasubiri nyingine. Nilikaribia kumshika shati. Kaka alipopotea njia ya Scarborough mwaka mmoja, Kondo alimwimbia wimbo wa kipofu mwezi mzima. Mimi ananirudisha Osaka kwa adabu.

Baada ya treni ya pili likaja behewa linalovutwa kwa waya kupanda mlima, limeinama kama ngazi, kisha basi, kwa sababu barabara ile ya msituni hawaruhusu mtu kwenda kwa miguu. Tulifika saa tisa mchana. Palikuwa na baridi ya Novemba ya Toronto, na harufu ya moshi wa ubani na mbao mbichi.

Koya kwa miguu

Koya ni mji kweli. Una posta, una shule, una duka la dawa, na katikati ya hayo mahekalu zaidi ya mia, ukuta kwa ukuta, kila moja na geti lake la mbao na bustani ya kokoto zilizochanwa mistari kama nywele. Watawa wanapita na baiskeli. Unaweza kuumaliza kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho kabla chai haijapoa, kama unatembea ninavyotembea mimi.

Tuliacha mizigo kwenye hekalu la kulala wageni, tukaenda makaburini kutafuta jiwe la kampuni. Njia inapita chini ya mierezi mirefu ambayo kofia inaanguka ukitaka kuona vilele vyake. Makaburi ni maelfu, mengine ya zamani sana mpaka majani mabichi yameyavika kama zulia. Kuna sanamu ndogo za mawe zimefungwa vitambaa vyekundu shingoni, kama watoto wanaokwenda kulishwa. Watu wanazimwagia maji, wanasimama, wanaenda.

Nilitembea haraka. Kondo alikuwa nyuma yangu hatua tano, na kila nikigeuka anaitikia kwa kichwa.

Upande wa makampuni tulikuta jiwe moja lenye kibao cha maelezo kwa Kiingereza. Nikasoma mara mbili. Lilikuwa jiwe la mchwa. Watu wenye kazi ya kuua mchwa wamewajengea mchwa kaburi, wawaombee wapumzike.

Nilisimama pale nikasubiri. Mzaramo hai, mwenye meno yake yote, amesimama mbele ya kaburi la mchwa pamoja na Mnyamwezi. Nilimpa nafasi. Nilikohoa.

"Ni jambo la heshima," Kondo akasema, akavua kofia yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka pale nilidhani amekasirika tu, na hasira huisha. Sasa niliona huenda utani wenyewe umekufa, na niliyeuua ni mimi.

Jiwe la kampuni lilikuwa mbele kidogo, jeusi, safi, na kando yake kisanduku cha chuma chenye tundu, wageni watumbukize kadi. Nilikuwa nimebeba kitambulisho cha kaka cha kiwandani, chenye picha aliyopigwa akiwa amefumba jicho moja. Nilikitumbukiza. Kikagonga chini. Nilikuwa nimesubiri dakika ile miezi minane, na nasema kweli, sikuhisi kitu. Sikujua hata kama jiwe la Wajapani linamhesabu mtu wa Tabora aliyefanya kazi Toronto. Miguu iliwasha. Nikasema twende, Kondo akasema kama upendavyo, tukaenda.

Viatu

Mwenye nyumba pale tulipolala ni mke wa mtawa mkuu, maana kule watawa huoa, Mama Sada, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, aproni nyeupe, Kiingereza cha maneno kama ishirini ambayo aliyatumia yote. Viatu tulivivua mlangoni, jambo ambalo halikutupa shida, kwetu pia mtu haingii ndani na viatu. Chakula kililetwa kwenye meza ndogo za miguu mifupi, tukakaa chini. Hawali nyama. Kulikuwa na uyoga, mboga za kukaanga, kitu laini cha ufuta, na kipande kimoja cha mraba kilichojaa mchuzi, kama sifongo ya kuoshea vyombo. Wanakitengeneza kwa maharage ya soya, wanakigandisha kwa baridi, wanakikausha. Nilikitafuna mara moja nikakumbuka sinki.

Mama Sada alipotoka nilikifunga kwenye leso, nikaitia mfukoni. Kondo aliniona. Yeye alikula chake, akala na mchuzi.

Usingizi haukuja. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda mlangoni nikatembee. Viatu vyangu vilikuwa kwenye jiwe la kukanyagia, na vya Kondo kando yake. Jana tuliviacha vinatazama ndani. Sasa vilikuwa vimegeuzwa, visigino kwetu, vinatazama njia.

Nilikaa pale kwenye ubao.

Bibi yetu kule Ndala hakuwahi kumwambia mgeni nenda. Alikuwa na aibu ya kusema. Mgeni akizidisha siku, bibi aliamka kabla ya watu akamgeuzia viatu vikatazama njia. Mgeni akivikuta hivyo alijua. Aliaga bila kusubiri uji, ili asimtie bibi aibu zaidi.

Nikawaza leso. Suruali nilikuwa nimeitundika, mchuzi umevuja, mtu ameona. Nikarudi chumbani nikamwamsha Kondo.

"Tumefukuzwa."

"Na nani?"

"Wenyeji. Wametugeuzia viatu, kama alivyofanya bibi yetu."

Kondo aliketi kwenye godoro, blanketi mabegani. Nilidhani sasa atasema. Akasema, "Kama wenyeji wameamua, tuondoke, bwana Mihayo."

Tukafunga mizigo. Nilikunja matandiko, nikafuta meza kwa mkono wa shati. Tukatoka kwenye mvua bila kuaga, wakati kengele ya sala ya asubuhi inaanza kugonga.

Geti kubwa

Mabasi yalikuwa hayajaanza. Kushuka kwa miguu hakuruhusiwi. Basi tukatembea mji mzima kwenda upande wa machweo, mvua ikinyesha, maduka yamefungwa, mimi mbele, Kondo nyuma na sanduku lake. Kamba ilikuwa imelowa na unga umeanza kutoa ute kwenye zipu. Mwisho wa mji kuna geti kubwa jekundu, refu kama jengo la ghorofa tano, na walinzi wawili wa mbao wenye sura za kutisha. Tulijikinga chini yake. Mbele yake mlima unashuka, hakuna pa kwenda.

Hatukukaa robo saa, kikaja kigari kidogo cheupe. Akashuka Mama Sada na mwavuli, aproni bado kiunoni, na furushi la kitambaa mkononi. Alikuwa anahema.

"Chakula cha asubuhi," akasema kwa Kiingereza. "Kwa nini kuondoka? Chumba kibaya?"

Nikasema chumba kizuri. Akasema chakula kibaya? Nikasema hapana, na hapo nilidanganya kidogo. Akawa anatutazama, macho yamejaa, mvua inamchirizika mkononi. Nikaona hakuna njia. Nikavua viatu vyangu nikabaki na soksi kwenye jiwe lililolowa. Nikaviweka vinamtazama yeye. Nikasema jana. Nikavigeuza vikatazama mlima. Nikasema leo. Nikaonyesha kifua changu na barabara: nenda.

Alikunja uso akifikiri. Kisha akafunika mdomo kwa viganja viwili. Akainama sana, akainama tena, akavua vyake, akanionyesha. Mgeni anatoka, vinamtazama ndani, inabidi ageuke, ayumbe, ashike ukuta. Vikigeuzwa, anatumbukiza mguu anaenda. Kila asubuhi yeye mwenyewe anawageuzia wageni wote.

"Njia iwe rahisi," akasema. "Kwa mgeni. Heshima."

Nyuma yangu nikasikia sauti kama sufuria inayochemka na mfuniko. Kondo alikuwa ameshika nguzo, paji la uso kwenye mbao. Nilidhani analia. Akageuka. Hakuwa analia. Alicheka akakosa pumzi, akakaa juu ya sanduku, sanduku likatoa unga, akazidi.

Kisha akanyamaza. Akasimama, akaweka mikono nyuma. Bega la kushoto likashuka kidogo, kichwa kikatangulia. Nilimjua mara moja. Akaenda kwenye mvua hatua moja, mbili, mpaka kumi. Akasimama kama mtu aliyekumbuka moto jikoni. Akarudi na uso ule ule wa wasiwasi wa kila asubuhi, akafika kwenye nguzo ya geti lile, nene kama pipa, akaishika kwa mikono miwili akaitikisa mara mbili.

Mama Sada alirudi nyuma. Akanishika mkono, akaniuliza polepole, akitafuta maneno: "Rafiki yako... ni mgonjwa?"

Swali lile lile. Na Kondo alilisikia, maana alibaki ameshika nguzo bila kugeuka.

"Si mgonjwa," nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza changu kibovu, ili wasikie wote wawili. "Kaka yangu amekufa. Huyu ni mtani wetu. Tukifiwa ndiye anayetucheka. Hiyo ni kazi yake na ni haki yake. Mara ya kwanza nilimnyima mimi, kwa sababu niliona haya."

Sijui alielewa kiasi gani. Alimtazama Kondo, akamwinamia kama alivyoniinamia mimi kwa habari ya viatu, chini sana.

Kondo akageuka.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane umenifanya niongee kama karani wa mahakama. Unajua taabu niliyopata kwenye kaburi la mchwa, wewe mpagazi? Niliuma ulimi mpaka damu! Ndugu zako wamelala pale, wamejengewa jiwe, wewe unanikoholea!"

"Kondo..."

"Nyamaza! Mnyamwezi gani anafukuzwa na viatu vyake mwenyewe? Anaficha chakula cha watu kwenye leso kama panya wa kanisa, halafu anasema amefundishwa na bibi yake! Marehemu angeona hivi angekufa tena!"

Akajitupa chini katikati ya geti, chali, mikono na miguu ameitawanya, kwenye jiwe lililolowa. "Hupiti. Maiti hii haisogei. Toa kitu cha marehemu."

Nilijua anataka nini. Pale ukumbini mwezi wa Februari angeiomba, na ningempa. Nikaivua kofia nikaiweka juu ya kifua chake. Mvua ikanipiga upara. Kondo akaivaa akiwa bado amelala, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akasema, "Inanuka Unyamwezi."

Nilicheka. Kisha sikujua tena kama bado ninacheka, nikakaa kwenye lile jiwe pembeni yake na soksi zangu zilizolowa. Nilikaa. Mama Sada alitufunikia mwavuli, akasimama tu, mpaka nilipomaliza.

Kwenye furushi kulikuwa na wali, na mboga ya chumvi, na kipande kile cha mraba. Nilikila chote. Kondo alihesabu kila nilivyotafuna.

Kurudi

Kurudi sikuchoka, ingawa sikuachwa nipumue. Kila kituo cha treni Kondo aliniuliza kama viatu vyangu vimeruhusu tushuke. Ndani ya ndege alimwambia mhudumu, kwa Kiingereza, asinipe leso.

Tulifika Toronto alasiri. Kwenye kituo cha basi cha Don Mills, baada ya basi kuondoka, alilishusha sanduku lake juu ya mguu wangu.

"Beba, Mnyamwezi."

Nikabeba, langu mkono wa kushoto, lake wa kulia. Yeye alitangulia na kofia kichwani, mikono mitupu, akiwaamkia majirani wote kana kwamba yeye ndiye kaka. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi na masanduku yote mawili, ghorofa sita.

Nilisonga ugali kwa unga uliosalia. Tukala sahani moja. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya bonde la Don akasema anawahi basi la Richmond Hill, akachukua sanduku lake, sasa jepesi, akatoka. Nikafunga mlango kwa ndani.

Nilisikia viatu vyake kwenye korido. Hatua kumi. Vikasimama, vikarudi. Kitasa kikatikisika mara mbili.

Kisha akashuka ngazi.